Sufuria Lina Mgeni

Kaka Semboja,
kabla hujasikia kwa watu:
tangi lako limevuja.

Si kupasuka. Kuvuja.
Kona ya nyuma, pale ulipoapa
silikoni umepaka mara mbili.
Saa tisa usiku nilikanyaga zulia,
likanijibu kwa sauti ya kinywa.
Nikaonja kidole. Chumvi.
Bomba letu la Ngamiani halina chumvi,
hata siku linapotoka.

Umeme ulikwenda zake tangu magharibi.
Pampu kimya. Samaki juu juu, midomo wazi,
kama watu waliosahau walichotaka kusema.
Nikabandika karatasi ya choo kwenye kioo,
kipande kwa kipande, nione kipi kitalowa kwanza.
Cha nne kutoka chini.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo,
lakini ukuta wenyewe ulikuwa kioo,
na nyuma yake kuna wakazi.

Nikamwamsha mama. Mama akaamsha vyombo:
beseni la kufulia, ndoo mbili,
dumu la mafuta (nikalikataa),
na lile sufuria lake la kukodisha, la pilau la watu mia.
Nililitandika nailoni ndani, usigombe.
Bi Mwanakheri akachomoza dirishani na pakiti ya chumvi ya mezani:
"Si maji ya chumvi tu? Tia hii, koroga."
Semboja, nilicheka wakati wa kulia.

Vipepeo walikuja bila maneno.
Kangaja alinichana. Kiwembe chake cha mkiani
kiko sawa, usiwe na shaka.
Wale wadogo wa rangi ya machungwa waligoma kuhama,
nikawabeba na jiwe lao,
nyumba na wenye nyumba.

Lakini bunju.
Ulinionya: bunju hainuliwi hewani,
akiimeza hewa anaweza kushindwa kuitoa.
Nikazamisha bakuli la uji, mkono mpaka bega,
nikangoja huku maji yakipungua kwapani.
Akanitazama kwa jicho moja,
akageuka akanitazama kwa lile jingine,
kama karani wa reli anayehakiki tiketi.
Akaingia mwenyewe.

Hadi alfajiri tulipiga maji, mimi na mama,
kata ipande, kata ishuke,
yaanguke na hewa yake.
Mama alihesabu kwa tasbihi.
Kata mia, zamu yangu.

Kulipopambazuka Hoza akaja na bajaji.
Tukaenda Raskazone na madumu saba,
tukachota maji yakiwa kifuani, mbali na takataka za ufuko.
Mlinzi akatufuata, anauliza tunaiba nini.
"Bahari," akasema Hoza, akafunga kifuniko.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nimeyazoa:
kwa kanga tatu na shati ulilovaa arusini kwa Mhina,
nimekamua ndoo nzima.
Yalikuwa meusi, yana nyuzi za zulia.
Nikayamwaga.

Jongoo bahari amekufa.
Alikuwa nyuma ya mwamba, sikumwona,
na tochi ya simu ilikuwa inazima.
Tulipomfikia alishatoa matumbo yake nje.
Najua ulimpenda kuliko wenye rangi.
Hilo ndilo lililonifanya nisipige simu, niandike.

Kona nimeikwangua kwa wembe, nimeipaka upya.
Sebule inanuka siki,
wageni wanadhani mama ametia achari.
Fundi vioo kasema siku mbili pasiguswe na maji.
Nimepapa tatu. Mkono wangu siuamini kama wako.
Pesa uliyotuma imetosha silikoni na pampu ya betri.
Zulia, tutaona.

Jumamosi kuna arusi Chumbageni.
Walililipia sufuria tangu mwezi jana,
na leo wametuma kijana na mkokoteni.
Mama alimfungulia mlango nusu,
akamrudishia pesa yake, noti kwa noti,
akamwambia sufuria lina mgeni.